Filamu Kuu ya Fundi wa Roho Juu

4 Septemba 1976, Jumamosi

Naandika kwa hasira. Nimerudi sasa hivi kutoka ukumbi wa sinema karibu na gare, stesheni ya gari la moshi, na nisipoyamwaga haya mahali fulani nitamgombeza shemeji yangu, mke wa kaka ninayeishi kwake, bure, naye hajanikosea kitu.

Klabu yetu ya sinema imefunguliwa tena baada ya likizo. Filamu zimefika kwa gari la moshi kutoka Lubumbashi, na mwaka huu zote ni za mtu mmoja, Vautrelle, yule Mfaransa mwenye sifa ya kumfanya mtu asahau kupumua. Watu wa hapa Kindu wamekwisha kumpa jina: Fundi wa Roho Juu. Tutaziona Jumamosi kwa Jumamosi, tutajadili, na mwishoni klabu itachagua iliyo kuu kuliko zote. Hiyo itaonyeshwa tarehe 24 Novemba, sikukuu ya utawala, mbele ya wakubwa.

Nilinyoosha mkono kuuliza ni nani watakaochagua. Kabla prezida hajafungua mdomo, mwalimu Abedi, anayefundisha hesabu katika shule yetu, akajibu: "Wanaume watachagua filamu. Wanawake watachagua yenye kilio."

Ukumbi mzima ukacheka. Hata Germaine, rafiki yangu, infirmiye, yaani muuguzi wa hospitali, mtu mwenye akili, alicheka akijifunika mdomo na kitambaa.

Prezida wetu Constantin ndiye aliyeniokoa. Yeye pia ni prefe wa shule yetu, yaani mkubwa wangu na wa Abedi. Alisema kwa Kifaransa chake kilichonyooka kwamba kila mwenye kadi ya klabu ana sauti. Ametulia daima, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, haina kunyanzi. Laiti wote wangekuwa kama yeye.

Humu ndani nitaandika majina ya ubatizo. Tangu yapigwe marufuku na serikali, mimi Marceline nimebaki Kyakimwa tu. Sina ugomvi na Kyakimwa, ni jina zuri la kwetu Butembo. Ila sipendi kuamrishwa niitweje.

11 Septemba

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Tumefyeka majani kando ya barabara, kisha Zéphirin, kiongozi wa animasyo wa mtaa, akatupanga mistari na kutuchezesha nyimbo za chama juani. "Kiuno, sitwayene, kiuno!" Sitwayene, mwananchi wa kike, ndivyo tunavyoitwa siku hizi. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, mbele ya wanafunzi wangu. Ningeweza kumtafuna mzima mzima na filimbi yake.

18 Septemba

Leo *Daraja la Pili*. Injinia anajua nguzo imeoza, treni inakuja, hakuna anayemsikiliza. Watu wa gare walikuwa wamesimama juu ya mabenchi wakimpigia dereva kelele asimame, kana kwamba anawasikia. Mwishoni treni inasimama kwa nafasi ya mkono mmoja.

Constantin anasema hii njo filamu kuu. Nidhamu, anasema, na mkubwa anayesikiliza mwishowe. Mimi naiona nzuri kama ngoma ilivyo nzuri: ikinyamaza, imekwisha.

25 Septemba

Nimelia. Na Abedi ameniona nikilia, na ametabasamu, na namchukia.

Filamu ilikuwa *Nyumba ya Kufulia*. Mwanamke mmoja, dobi, anashitakiwa kumzamisha mumewe mtoni. Mtaa mzima unajua si kweli, kwa sababu mtaa mzima ulimwona yule mume akipanda meli na sanduku lake, akitoroka. Lakini mwenye duka anaogopa kupoteza wateja, jirani ana kisasi chake kidogo, padri hataki maneno. Kila mmoja anasubiri mwenzake aseme kwanza. Vautrelle hakuweka kisu hata kimoja, wala bastola. Ni nyuso za watu wanaofunga madirisha tu, na roho inakupanda mpaka kooni. Karibu na mwisho mjane mmoja anaingia mahakamani na shuka zilizolowa mikononi, anasema, "Mimi nilimwona." Basi.

Katika mjadala nilisimama, nikasema hiyo ndiyo kuu, na nikaeleza kwa nini. Constantin akaniunga mkono kwa maneno ambayo nimeyakariri njia nzima: "Aliyeona akanyamaza, huyo amemsukuma mwenyewe majini." Watu walipiga makofi. Nestor, karani wa posta anayekaa benchi la mbele kila mara, alipangusa macho.

Abedi akasimama. "Filamu nzuri," akasema, "mpaka yule mujane anapoingia. Pale fundi ametudanganya. Katika maisha shahidi hakuyake." Haji kamwe, kwa Kiswahili chake.

Nikamwuliza, "Mwalimu Abedi, wewe humwamini mtu yeyote?"

"Nafundisha hesabu," akasema. "Siamini. Nahesabu."

Ni mtu wa ajabu huyu. Anaishi mtaa wa Mikelenge, ana mke mpole, Halima, ana wanafunzi wanaompenda, na bado akifungua mdomo ni siki.

28 Septemba

Mvua. Nyumba imejaa harufu ya samaki wa kukaushwa wa dukani kwa yaya Kakule, kaka yangu.

2 Oktoba

Hakuna sinema, hakuna umeme. Barabara ya Lubutu imekatika na lori la yaya Kakule limezama mpaka ekseli. Yaya ametuma habari kwamba analala juu ya magunia. Shemeji anasali. Mimi nasahihisha imla na kila ukurasa unanuka unyevu.

9 Oktoba

*Bwana Meya*. Nini hii tumeona, au tuseme, hatukusikia! Mvua ilianza na picha ya kwanza. Bati la ukumbi lile, hata bunduki ingelia usingesikia. Constantin alitaka kusimamisha mashine, watu wakakataa. Tukaitazama filamu nzima bila neno moja.

Na tulielewa kila kitu. Mji mdogo, meya mnene mwenye uso mwema, anabusu watoto, anakata utepe. Kila anapopita watu wanapiga makofi. Anayemuudhi haonekani tena. Mtazamaji anamjua muuaji tangu mwanzo, na hakuna la kufanya ila kutazama ile mikono ikigongana, bila sauti. Sijawahi kuogopa hivyo.

Mvua ilikatika taa zilipowashwa. Tulisikia matone yakidondoka barazani, na Abedi akaongea kwa upole, si kama kawaida yake: "Hii njo kubwa kuliko zote. Tazameni vizuri. Muuaji ni muntu mumoja tu, muntu mumoja hatishi. Inayotisha ni makofi."

Hakuna aliyecheka. Constantin alitazama saa yake, akasema muda umekwisha, mjadala tutauendeleza wiki ijayo.

Nje nilimwambia Abedi hajatenda haki kwa filamu yangu. Akasema filamu yangu ni ya watu wanaotaka kulala vizuri. Tukagombana mpaka njia panda, Halima akicheka katikati yetu, viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope.

12 Oktoba, Jumanne

Abedi hakuja shuleni. Hajawahi kukosa. Nimesimamia darasa lake; wameketi kimya kama wanajua kitu.

13 Oktoba

Wamemchukua.

Halima alikuja dukani mchana, kitenge kimefungwa vibaya, akaniita mlangoni. Watu wa usalama walifika Jumatatu wakati wa chakula cha jioni. Wanasema kwamba Jumamosi, katika ukumbi, mbele ya watu, Abedi alimtaja Kiongozi wa nchi kwa jina lake na kumwita muuaji.

"Alisema vile, mama?" akaniuliza. "Niambie ukweli. Nilikuwa kando yake lakini nilikuwa nimeinama navua viatu. Alisema?"

"Hapana. Hakutaja mtu. Alisema juu ya meya wa filamu."

Akashika mikono yangu miwili. "Basi ukumbi wote ulisikia. Wakiulizwa, watasema."

Nikamwambia ndiyo, watasema. Niliamini nilipokuwa nasema.

14 Oktoba

Nataka kuandika maneno ya Constantin jinsi yalivyotoka, nisije kesho nikayalainisha.

Nilimfuata ofisini kwake baada ya masomo. Nilifunga mlango, nikamweleza. Nikasema, Sitwayen Prefe, wewe ndiye prezida, ulikuwa mbele, neno lako linatosha.

Alipanga kalamu zake. "Sitwayene Kyakimwa, jioni ile mvua ilikuwa kubwa sana."

"Ilikuwa imekatika."

"Kwangu mimi ilikuwa bado. Sikusikia kitu."

"Ulitazama saa! Ulisema muda umekwisha! Mtu asiyesikia kitu atafunga mjadala gani?"

Akainua macho, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa na huruma. "Nina watoto sita," akasema. "Na wewe yaya yako ana duka. Rudi nyumbani."

Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe juu ya aliyeona akanyamaza. Akajibu: "Ile ilikuwa sinema."

Mungu wangu. Ile ilikuwa sinema! Kwa hiyo machozi yalikuwa sinema, makofi sinema, Kifaransa chake kilichonyooka sinema. Nimetembea mpaka ukingo wa mto Lualaba na kurudi, na watu walionisalimu sikuwaitikia.

16 Oktoba

Nimewaendea mmoja mmoja. Nestor wa posta: mvua. Katibu wa klabu: mvua, na tena alikuwa na mafua, masikio yameziba. Kila nyumba wananipa kiti, wananipa chai, wananipa mvua.

Germaine nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilikuwa na hakika naye. Alinitoa nje nyuma ya jiko. "Marceline, nilisikia kila neno. Na sitasema hata moja. Wakinifukuza hospitali, mama yangu atakula nini? Unichukie tu."

Sikumchukia. Nilitaka, ikanishinda. Yeye angalau hakunipa mvua.

17 Oktoba, Jumapili

Yaya Kakule amerudi na lori, matope mpaka nyusi. Nilingoja ale ndipo nikamwambia nakwenda kutoa ushahidi kesho. Akaweka kijiko chini.

"Apana."

"Yaya..."

"Sisi ni wageni hapa, Kyakimwa. Wanatuita watu wa Butembo. Wanangoja kosa moja tu, wafunge hii duka. Huyu Abedi ni nani kwako?"

"Si mtu wangu. Ni mtu ninayegombana naye."

"Sasa?"

"Sasa nikinyamaza nitagombana na nani?"

Hakucheka. Alisema mimi ni kichwa ngumu tangu utotoni na kwamba hatanipeleka. Hakusema asingenifungulia mlango nikirudi.

18 Oktoba

Nimekwenda. Jina la ofisi ile sitaliandika hata humu. Nilivaa nguo ninazofundishia, na pini ya chama kifuani ili wasipate la kwanza la kunikosoa.

Mkubwa aliyenipokea ni kijana, ana umri wangu labda, na ana adabu. Alinisikiliza. Nilirudia maneno ya Abedi kama yalivyokuwa, na Kiswahili chake, na pale alipopumua.

"Inayotisha ni makofi," akarudia. "Makofi gani?"

"Ya filamu, sitwayen."

"Unaamini hivyo?"

"Mimi sikuja kuapa juu ya moyo wake. Nimekuja kuapa juu ya mdomo wake. Jina la Kiongozi halikutoka mdomoni mwake. Anayesema lilitoka ni mwongo."

Akafungua faili. "Wewe ni mwanamke mumoja. Mimi nina karatasi ya mutu aliyekuwa pale. Lete shahidi wa pili, tutaona. Mumoja haitoshi."

Ukumbi mzima ulikuwa pale, nikamwambia. Akatabasamu. "Njo maana. Ukumbi mzima, na umekuja peke yako. Wewe unafikiri mimi nitaamini nani?"

Nimerudi shuleni moja kwa moja. Kisha nimefundisha kipindi cha saa nne.

23 Oktoba

Sinema ilikuwapo jioni. Walikwenda! Walikaa mabenchi yale yale. Mimi sikwenda. Shemeji anasema filamu ilikuwa ya kuchekesha kidogo.

26 Oktoba

Animasyo shuleni. Nimecheza. Nimeimba. Zéphirin alikuwa anapita katikati ya mistari na filimbi, na aliponifikia akasimama. Nikajua ni zamu yangu ya kuchongewa.

"Sitwayene," akasema chini chini, "ni kweli ulienda kule kwa ajili ya mwalimu?"

Nilichoka na kila kitu. "Ni kweli. Ongeza hayo kwenye ripoti yako."

"Ripoti ile si yangu." Akatazama kama kuna anayesikiliza. "Nilikuwa kule nyuma, nimesimama, kando ya mashine ya sinema. Mi nilisikia. Hakusema jina. Watu wanafikiri njo mimi nilimuchongea. Hata mama yangu anafikiri vile. Amekataa kula na mimi."

"Basi nenda ukaseme."

"Unajua watanifanya nini? Mimi, mutu wa animasyo, kumutetea mutu kama ule?"

"Sijui," nikasema. "Na wewe hujui. Lakini mimi nilikwenda, na bado nina kichwa."

Alipuliza filimbi masikioni mwangu na kuniamuru ninyanyue mikono zaidi. Nilimtukana moyoni kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa sababu Kiswahili hakina matusi ya kutosha.

29 Oktoba

Amekwenda.

Zéphirin amekwenda! Nimeambiwa na Halima, aliyekuwa ameketi nje ya ofisi ile na sufuria ya chakula kama kila siku. Anasema alifika na sare yake ya kijani, jasho likimtiririka, akapita bila kumsalimu, akakaa ndani mpaka wali ukapoa. Alipotoka hakuwa na filimbi. Akamwambia Halima, "Mama, nimesema," akaenda zake.

Wiki saba nimemtukana humu na nje. Na yule niliyemsifu kwa abakosti yake...

4 Novemba

Hakuna habari. Mvua mchana kutwa. Halima ameanza kulala kwetu. Nyumba yao inavuja na hakuna wa kupanda juu. Jana yaya alimtengea samaki mkubwa.

8 Novemba

Wamemwachia. Amekonda, jicho moja limevimba, na sauti imekuwa nyembamba. Hatafundisha tena Kindu. Wamempa shule ya msingi huko Punia, porini, na lazima aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Zéphirin wamemwondoa kwenye animasyo. Sasa anapakia magunia bandarini.

Hakuna aliyeomba radhi. Mwandishi wa uongo ule hajulikani, na hakuna anayetaka kumjua. Ndiyo haki tuliyoipata, na watu wananiambia nishukuru.

20 Novemba

Siku ya kuchagua. Nilikwenda, nikakaa benchi la mbele la wanaume. Nestor alisogea kama nimekuja na ukoma.

Constantin alitangaza kwamba kamati, baada ya kutafakari, imeona *Daraja la Pili* ndiyo kubwa kuliko zote za Vautrelle, na kwamba ili kuokoa muda tuipitishe kwa makofi.

Nikasimama.

"Prezida, ulisema mwanzoni kila mwenye kadi ana sauti. Mimi nina kadi. Nilikuwa nasema *Nyumba ya Kufulia*. Leo nachagua *Bwana Meya*. Mwalimu Abedi alituambia kwa nini ni kuu, humu ndani, mvua ikiwa imekatika, na ninyi nyote mlisikia."

"Filamu hiyo imekwisha kurudishwa Lubumbashi," Constantin akasema. "Haimo katika mashindano."

"Hata kama imerudishwa. Tuliiona."

"Kuna mwingine anayeichagua?"

Nilingoja. Nilitazama nyuma. Germaine alikuwa anaangalia magoti yake. Halafu akanyoosha mkono, polepole, bila kuinua kichwa, kama anayeomba ruhusa ya kutoka. Constantin alijifanya hakuuona. Makofi yakapigwa. *Daraja la Pili* ikapita.

Nimerudi na Germaine, tumeshikana mikono kama wanafunzi.

24 Novemba

Sikukuu. Gwaride, hotuba, treni imesimama kwa nafasi ya mkono mmoja. Wakubwa wamefurahi.

27 Novemba, Jumamosi

Abedi na Halima wameondoka asubuhi kwa lori la yaya Kakule. Yaya alisema alikuwa anakwenda upande ule hata hivyo. Hakuna mtu anayekwenda upande ule katika mvua hizi hata hivyo.

Zéphirin alikuja kupakia vitanda vyao. Abedi alimpa mkono, wakakaa hivyo mkono kwa mkono muda, wote wawili wakitazama magurudumu.

Kisha akanigeukia mimi. "Nimesikia ulichagua filamu yangu. Ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Kuu ni ile yako. Ya dobi. Kule ndani nilikuwa nayo muda mingi, niliipitisha kichwani toka mwanzo mpaka mwisho. Nilisema shahidi hakuyake. Amekuya."

"Usinifanye mjane wa sinema, mwalimu!" Nilipaza sauti, watu wa sokoni wakageuka. "Wewe ulikuwa sawa. Ukumbi mzima, na walikuja wawili, na bado wanakupeleka Punia na jicho bovu! Vautrelle angemaliza pale mahakamani, watu wakapangusa machozi. Sisi je? Hesabu, wewe unayehesabu!"

"Nimehesabu," akasema. "Nilikuwa na hakika ya sifuri."

Halima alimvuta ndani akisema, "Mtatumiana barua, mgombane kwa stampu." Lori likaenda. Nililitazama mpaka likapinda.

Nikirudi, nilikutana na Constantin mbele ya shule. Alinisalimu vizuri, kama mtu na mtu. Akasema msimu ujao klabu itapata filamu za mwongozaji mwingine, na kwamba angependa niwe katibu, nina ulimi mzuri. Kisha akashusha sauti: "Unaona, sitwayene, mambo yamemalizika vizuri."

"Vizuri kwa nani?" nikamwuliza.

Alitazama huku na huku barabarani. Jua lilikuwa linawaka, hata wingu halikuwapo. Akafungua mwamvuli wake, akaenda zake.